Muziki wa Njiapanda ya Bihambwe

Tiketi ya Tamasha la Amani mjini Goma, mashariki mwa Kongo, ilikuwa dola 1. Kwa siku tatu za Februari 2020 maelfu ya watu waliingia katika uwanja wa Collège Mwanga, shule ya Kikatoliki, kuwasikiliza wanamuziki wa Kivu, wa Kinshasa na wa nchi za mbali wakipokezana jukwaa moja. Tamasha hilo lilipangwa lianze Agosti 2013, vita vikalisogeza hadi Februari 2014, na tangu hapo likawa sikukuu ya mji. Nilikwenda kwa sababu nimekulia Dar es Salaam, na mtu aliyekulia Dar ana deni la muziki kwa Kongo. Mwimbaji Remmy Ongala alizaliwa Kindu mwaka 1947, Kindu ikiwa bado sehemu ya Kivu. Bendi ya Maquis du Zaire ilitoka Kamina. Nilitaka kusikia nyumbani kwao kunasikikaje.

Nje ya ukuta wa shule, kwenye vumbi jeusi la volkano, mama mmoja alikuwa akichoma mahindi. Alikuwa akizijua nyimbo zote. Midomo yake ilizifuata huku mikono ikigeuza magunzi. Nikamuuliza mbona haingii.

"Papa, dola moja ni bugali ya watoto," akasema, bila kulalamika. "Kwetu Bihambwe muziki iko kila wiki, siku ya soko. Unasimama tu, unasikiliza."

Nikamwambia Bihambwe siijui. Akanielekeza kwa koleo la makaa: Sake, halafu mlima, halafu njiapanda.

Siku ya soko iliyofuata nilikuwa nyuma ya pikipiki. Kutoka Goma hadi Sake ni kama kilomita 25, ziwa likiwa kushoto na mawe meusi pande zote. Karibu na Sake mawe hayo yana historia yake: volkano ya Nyamulagira ilipolipuka mwaka 1938 iliendelea kumwaga lava hadi 1940, na lava ikateremka mpaka ziwani. Baada ya Sake barabara inaanza kupanda, na kila kona unaacha joto kidogo. Ukifika Mushaki umeshafunga koti. Huku ndiko kunakotoka jibini la Masisi, yale magurudumu madogo ya njano yaliyokuwa yakiuzwa Goma na kusafirishwa hadi Kinshasa. Vilima ni malisho matupu, vimekatwa na nyua za mikaratusi, na pikipiki zinazoteremka zimefungwa madumu ya maziwa ubavuni. Dereva wangu alizisalimia karibu zote kwa honi.

Bihambwe ni mahali ambapo njia inagawanyika. Mkono mmoja unakwenda Masisi mjini, mwingine unaingia Rubaya, kwenye machimbo ya koltani. Rubaya peke yake inakadiriwa kutoa karibu asilimia 15 ya tantalamu ya dunia nzima, madini yanayofanya simu ya msomaji iwe nyembamba kiasi hicho. Kwa hiyo njiapanda ile inapitiwa na kila aina ya mtu: wachimbaji wenye udongo masikioni, wachungaji wenye fimbo na makoti marefu, akina mama waliobeba viazi na maharage kwa kamba inayopita kwenye paji la uso, madereva wa Fuso, askari. Sijawahi kuona mchanganyiko kama huo wa wasikilizaji katika ukumbi wowote wenye mlango.

Hapakuwa na jukwaa. Palikuwa na kiwanja cha udongo kando ya barabara, pale malori yanapogeuzia, na ukingo wa nyasi ambako watu walikaa kwa ngazi kama vile ulichongwa kwa kazi hiyo. Biashara ilianza kupungua saa saba hivi. Hakuna aliyetangaza kitu. Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu alitoka kwa muuza chumvi, akachukua umuduri wake uliokuwa umeegemezwa ukutani, na watu wakaanza kusogea.

Umuduri ni upinde wa kawaida wenye uzi mmoja, na kibuyu kilichokatwa mdomo kimefungwa kwenye mti wake. Mchezaji anaupiga uzi kwa kijiti chembamba, na mkono huohuo umeshika kayamba dogo, hivyo kila pigo linazaa sauti mbili. Ufundi wenyewe uko kifuani. Mzee yule alikikandamiza kibuyu kwenye kifua chake, kisha akakiachia, akakikandamiza tena, na sauti ikawa inafungwa na kufunguliwa, mara nzito, mara nyembamba. Kidole cha mkono wa kushoto kinagusa uzi na kuuacha. Noti alizokuwa nazo ni chache sana, na kwa hizo chache aliimba habari ya ng'ombe aliyepotea na kurudi mwenyewe, kwa Kinyarwanda, polepole, akimtazama kila mtu kana kwamba ndiye mwenye ng'ombe.

Ala hiyo imefika Masisi pamoja na watu wake. Wengine walikuwapo tangu zamani. Wengine waliletwa na Wabelgiji, ambao kati ya 1937 na 1955, kwa mpango walioupa jina la Mission d'Immigration des Banyarwanda, walihamisha makumi ya maelfu ya watu kutoka Rwanda kuja kufanya kazi katika mashamba ya vilima hivi, kwenye ardhi ambayo Wahunde waliihesabu kuwa yao. Ugomvi wa ardhi na wa nani ni mwenyeji umetokea humo na haujaisha. Ndiyo maana sikushangaa, mzee alipokuwa katikati ya ubeti, kijana mmoja alipopaza sauti kutoka nyuma: "Imba mu Kiswahili, siye wote tusikiye!"

Watu walinyamaza kidogo. Katika nchi ile sentensi ya namna hiyo inaweza kuwa ombi, na inaweza kuwa kitu kingine. Mzee hakusimamisha kijiti. Alimaliza ubeti wake kwa lugha aliyouanzia, mpaka mwisho, kisha akauanza unaofuata kwa Kiswahili, na ng'ombe akaendelea na safari yake ya kurudi. Yule kijana akacheka pamoja na wengine. Nimelitafakari jambo hilo mara nyingi kuliko mambo makubwa niliyoyaona mwaka ule. Mzee hakukubali kukatizwa, na hakukataa kueleweka.

Hatua chache kutoka pale alikuwa na meza yake kijana anayejaza nyimbo kwenye kadi za simu. Kazi hiyo utaikuta katika kila soko la Kivu: kompyuta kuukuu, jenereta dogo, spika kubwa, na wateja wanaoleta simu zao wawekewe nyimbo. Spika yake ilikuwa ikipiga Innoss'B, kijana wa Goma ambaye "Yo Pe" yake ya 2019 ilisikika Afrika nzima, na ilipiga kwa nguvu. Mzee alipoanza, kijana aliizima bila kuambiwa. Nilipomsogelea kumuuliza, alinijibu kwamba kila mtu hufanya hivyo, kwamba mwenye spika atakayeshindana na wapiga ala wa mkono siku ya soko atakosa wateja wiki inayofuata. Tena ana faida yake. Vijana wa gitaa walipoingia, alishika simu juu ya vichwa na kurekodi, na kabla jua halijageuka wimbo wao ulikuwa unauzwa mezani kwake pamoja na nyimbo za Kinshasa, kwa bei ileile.

Vijana wenyewe walikuwa wanne. Magitaa mawili yalikuwa ya dumu la mafuta ya kupikia lililokatwa ubavu na kupigiliwa mpini wa mbao. Nyuzi zake ni waya za breki za baiskeli zilizofumuliwa uzi mmoja mmoja. La tatu lilikuwa gitaa la kweli, la mbao, lenye nyuzi nne. Ngoma ilikuwa ya ngozi ya ng'ombe. Niseme wazi kwamba sikuwasikiliza kwa huruma. Yule wa gitaa la mbao alikuwa na mkono wa kulia ambao ningeusikiliza popote duniani: alikuwa akipiga besi kwa dole gumba na kujijibu mwenyewe kwa kidole cha shahada, mtindo wa magitaa makavu ambao Jean-Bosco Mwenda aliurekodia Katanga mwanzoni mwa miaka ya 1950. Nikamwuliza amejifunza kwa nani. Akasema kwa mjomba wake. Na mjomba? Machimboni, kwa mtu wa Kalemie.

Kisha korale. Akina mama na wasichana wa parokia, wamefunga vitenge vya aina moja, wakasimama kwa safu mbili pale pale palipokuwa na viazi saa moja kabla. Waliimba wimbo wa kanisa, halafu wa harusi kwa Kihunde, na huo wa harusi ndio ulioinua watu kwenye ukingo wa nyasi. Mama aliyewaongoza alikuwa mfupi, sauti yake ya chini, karibu ya mwanamume. Alipiga kofi moja tu kuwaanzisha na moja kuwanyamazisha. Baadaye tulikula pamoja viazi na maharage, na akanieleza taratibu ambazo mgeni hawezi kuziona: mzee huanza siku zote kwa sababu umuduri hausikiki watu wakishachangamka, vijana hufuata, korale hufunga, kwa sababu baada ya korale hakuna anayeweza kupigana.

Kuhusu malipo: kusikiliza ni bure, ila mpigaji harudi mikono mitupu. Noti za faranga 500 ziliwekwa kwenye kofia ya mzee na kubandikwa kwenye paji la uso la mpiga gitaa. Mwanamke mmoja alitoa viazi, akavimwaga taratibu miguuni kwa mzee. Mchungaji alitoa robo ya jibini. Sisi wa pwani tunaujua mwendo huo: ndio kutunza, ule unaofanywa kwenye taarabu, mtu anainuka, anacheza hadi mbele, anaacha noti na kurudi kitini akiwa ameshasema alilotaka kusema. Mwenye kutoa anatoa kwa sababu ameguswa na mstari fulani, na watu wote wanaona ni mstari gani.

Na desturi hiyo katika vilima vile si ya jana. Ukishuka kutoka Masisi kuelekea magharibi unaingia msitu wa Walikale, nchi ya Wanyanga. Huko, mwaka 1956, mwanaanthropolojia wa Kibelgiji Daniel Biebuyck alimkuta fundi wa masimulizi aitwaye Rureke, wa kijiji cha Bese, aliyeijua tenzi ya Mwindo, shujaa aliyezaliwa akitembea na kusema. Rureke aliisimulia, akaiimba na kuicheza kwa siku kumi na mbili mbele ya watu wa kijiji, kayamba la kibuyu mkononi na njuga mwilini, vijana wakimpigia mdundo kwa vijiti na hadhira ikiitikia, ikipiga makofi na kumtuza. Biebuyck alifanya kazi ya kuandika na kutafsiri pamoja na Kahombo Mateene, Mnyanga mwenyewe, na kitabu kikatoka Marekani mwaka 1969. Leo Mwindo anafundishwa katika vyuo vikuu vya mbali na watu ambao hawataiona Walikale. Wanyanga wa Bese walimsikia kwanza, wakiwa wamekaa chini, na kiingilio chao kilikuwa kuitikia.

Nalitaja hilo kwa sababu kuna wazo, nimelikuta hata kwa watu wema, kwamba sehemu kama Masisi inahitaji kupelekewa muziki. Gari linakuja na spika, bango la shirika, fulana za bure, na mwanamuziki wa mji aliyelipwa kuimba juu ya kunawa mikono. Sina neno na sabuni. Kipindupindu kinaua Kivu. Lakini msanii akizoea kwamba wimbo unalipwa pale tu unapobeba ujumbe wa mfadhili, baada ya muda anasahau nyimbo zake. Chérie Rivers Ndaliko, aliyefanya kazi miaka mingi na kituo cha Yole!Africa mjini Goma, ameliandika jambo hili kwa ukali unaostahili katika kitabu chake cha mwaka 2016, Necessary Noise. Pale njiapanda sikuona bango lolote. Ng'ombe wa mzee hakumfundisha mtu kitu, ila watu walitaka kujua kama atafika.

Nilirudi Goma nikiwa na wazo ambalo lile tamasha kubwa halikunipa. Tamasha la mwaka, hata katikati ya vita, linawezekana: unakodi ulinzi, unaweka vizuizi, unaomba kwa Mungu siku tatu zipite. Muziki wa kila wiki hauwezi kulindwa hivyo. Unasimama juu ya kitu kimoja, kwamba mtu anayetoka kilima cha mbali na mzigo wa viazi anaamini njia itapitika, soko litakuwapo, na jioni atarudi kwake. Imani hiyo ikikatika wiki mbili, muuza nyimbo anafunga meza, na vijana wanakwenda shimoni au wanakwenda kushika bunduki.

Watu wa huko wanajua soko ni nini katika hesabu ya vita. Jumamosi ya tarehe 20 Machi 1993, wanamgambo walishambulia watu sokoni Ntoto, Walikale, na kutokea hapo mauaji yakasambaa Masisi nzima. Maelfu walikufa ndani ya miezi michache. Yule mama wa korale alikuwa binti mdogo. Aliniambia hivi, akichambua maharage: kwa muda mrefu baada ya hapo watu walinunua na kuondoka, hakuna aliyesimama sokoni. Aliporudi kuona watu wamesimama bila kununua kitu, wanamsikiliza mtu, ndipo aliposadiki kwamba vita vimepita. Kabla ya hapo redio ilikuwa imeshasema mara nyingi.

Vita vilirudi. Waasi wa M23 waliiteka Mushaki Februari 2023, na Desemba ya mwaka huo wakaiteka tena. Mwishoni mwa Aprili 2024 wakaichukua Rubaya. Mwenye Rubaya lazima awe na njia ya kuifikia, na njia hiyo inapita Bihambwe. Watu wa vilima vile walimiminika kuelekea Goma kwa mamia ya maelfu.

Nilimkuta mama wa korale mwaka 2024 katika kambi ya Bulengo, kando ya ziwa, kwenye vibanda vya turubai vilivyobanana juu ya mawe ya lava. Aliponiona alisema tu, "Papa, umekuya siku muzuri, leo iko mazoezi." Alikuwa amekusanya wanawake wa Bihambwe, Matanda na Mushaki, wengine wa dhehebu jingine, na kila Jumamosi saa nane walisimama kwenye uwazi ulio karibu na bomba la maji, kwa safu mbili, bila vitenge vya aina moja. Waliokuja na madumu waliyaweka foleni, wakageuka kusikiliza. Mizinga ilisikika upande wa Sake. Yeye alipiga kofi lake moja, na walipofika kwenye wimbo wa harusi nikaona kwamba wanawake wa Mushaki hawaujui, na kwamba anawafundisha mbele ya watu, mstari kwa mstari, anawarudisha nyuma wakikosea, na wenye madumu wanasubiri.

Nilimwuliza kwa nini asiwafundishe faragha kwanza.

"Faragha iko wapi hapa?" akasema. Kisha, kwa sauti ya mtu anayeeleza kazi yake: "Na tena, muziki ya watu wanajifunzia mbele ya watu. Mukiwa wiki ngapi munasikia, na nyinyi munaijua."

Goma ilianguka mwishoni mwa Januari 2025. Mwezi uliofuata waliokuwa katika kambi waliamriwa kuondoka, na Bulengo ikabomolewa. Turubai zikakunjwa, mbao zikabebwa vichwani, na watu wakarudi kwenye vilima vilivyoungua. Mwezi huohuo, tarehe 13, mwanamuziki Delcat Idengo alipigwa risasi na kufa katika mtaa wa Goma alipokuwa akirekodi video. Alikuwa mtu wa nyimbo kali, na aliwahi kufungwa kwa ajili ya nyimbo hizo. Wasanii wengi wa Kivu wamepima maneno yao tangu siku ile, na sithubutu kuwalaumu.

Mama wa korale alirudi Bihambwe. Huniachia ujumbe wa sauti anapopata mtandao, mwingi ukiwa ni salamu za watu niliokula nao. Wa mwisho ulikuwa wa kazi. Wameanza tena, si siku ya soko, kwa sababu siku hizo njia ina askari wengi, bali Jumapili baada ya misa, pale pale malori yanapogeuzia. Korale ina watu saba, wawili wao wa Mushaki, waliojifunzia wimbo Bulengo. Mpiga gitaa yupo na gitaa lake la mbao, lile la nyuzi nne, sasa tatu. Hahitaji seti nzima, alisema. Uzi wa kwanza, ule mwembamba, ndio unaokatika kila mara kwa sababu ndio anaojijibu nao kwa kidole cha shahada, na Goma wanakuuzia seti tu, hawakubali kuuza mmoja mmoja. Kariakoo wanakubali. Nimenunua kumi na mbili, zote za namna hiyo, nikazifunga ndani ya bahasha ngumu zisikunjwe, na nimempa msafiri wa basi la Kigali.